Premio inapunguza maji na kuchemsha: usifungue injini kabla hujajua maji yanakwenda wapi

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Premio uliyoinunua kwa mtu, injini 1NZ, inakula karibu lita ya maji kwa wiki, chini ya gari hakuna tone, na ulipopanda mlima wa Kitonga mshale wa joto ukapanda nao. Fundi mmoja anataka kung'oa thamostati (vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata joto), mwingine anasema injini imekwisha, ukatafute nyingine ya Japani. Kabla hujatoa hela kwa yeyote kati yao, nisikilize kidogo, maana nimepita njia hiyo na Allion yenye injini hiyohiyo.

Kitu cha kwanza kujua ni kipi kinatangulia. Maji yanapungua taratibu ndipo joto linapanda, au joto linapanda ndipo maji yanatupwa nje? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Wewe umesema maji yanapungua hata wiki ambayo gari halijachemsha kabisa, kwa hiyo mimi nashuku uvujaji kabla ya kitu kingine chochote.

Kutoona maji chini hakumaanishi kwamba gari halivuji. Mfumo wa kupoza injini hufanya kazi kwa presha. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 1.1 hushikilia karibu baa 1.1 juu ya presha ya hewa ya kawaida, na hapo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali yanavuka 120. Injini ikipoa presha inaisha, na ufa mdogo unaacha kutema. Ikipata moto unatema tena, lakini tone likiangukia bloku ya moto linakauka kabla ya kufika chini. Ndiyo maana asubuhi unainama na kukuta pakavu.

Kwangu ilikuwa wota pampu. Aliyeniuzia alikuwa akijaza maji ya bomba, kwa hiyo uvujaji haukuacha rangi. Nilimwaga yote, nikasuuza, nikajaza kulanti ya pinki (kimiminika cha kupoza injini), nikaendelea kutumia gari mpaka maji yaliposhuka tena. Kisha nikaingiza tochi upande wa mikanda, chini ya puli ya pampu. Palikuwa na mchirizi wa pinki uliokauka na kuganda kama chumvi, ukianzia kwenye kitundu kidogo kilicho kwenye mwili wa pampu. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona rangi hapo, badilisha pampu, hakuna mjadala. Na kwenye 1NZ pampu inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo fundi asikuambie lazima afungue cheni ya taimingi.

Njia ya haraka zaidi ni kipimo cha presha, kile kipampu cha mkono chenye geji kinachofungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Injini iwe ya baridi na rejeta imejaa. Mwambie fundi apampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, asizidishe, kisha muache na mnywe chai. Geji ikishuka, maji yanatoka mahali fulani na sasa unaweza kupatafuta bila kuungua. Angalia pale plastiki ya rejeta inapobanwa na alumini, hasa kama plastiki imeshageuka kahawia. Angalia kila hosi inapofungwa klipu. Kisha ingia ndani, funua kapeti upande wa abiria wa mbele: likiwa na unyevu unaonata na harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Huku kwetu hatuwashi hita, kwa hiyo watu wengi hawaikumbuki kabisa.

Mfuniko wenyewe nao upimwe. Una vali mbili, ya kuachia presha na ya kurudisha maji kutoka rizavu (chupa ya akiba) injini inapopoa. Hii ya pili ikifa, maji yanakwenda rizavu na hayarudi. Dalili yake utaiona asubuhi: hosi ya juu imebonyea bapa, rizavu imejaa, rejeta imepungua. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo, nunua halisi.

Geji isiposhuka kabisa na maji bado yanapungua, hapo ndipo uanze kufikiria gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Asubuhi, injini baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza, washa, iache sailensa bila kukanyaga mafuta. Mapovu yakitoka mfululizo na hayakomi hata hewa iliyonaswa ikiwa imeshatoka, ni dalili mbaya. Hosi ya juu ikikakamaa dakika moja baada ya kuwasha, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu, hiyo ni gesi ya kwenye silinda. Fungua plagi zote uzipange: moja ikiwa nyeupe na safi kuliko wenzake, inaoshwa na mvuke. Kuna pia kimiminika cha bluu cha kupima gesi hiyo juu ya rejeta. Kwa injini ya petroli kikigeuka njano, jibu limepatikana. Ute wa maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, gari la safari fupifupi huupata bila gasketi kufa.

Na hata gasketi ikiwa imekufa, injini haijaisha. Hedi ipelekwe kwa mtu wa mashine, ipimwe kwa rula iliyonyooka na filagaji (vibamba vya kupimia upenyo mdogo), isawazishwe ikiwa imepinda, boliti zikazwe kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wake. Anayekwambia atafunga "kwa uzoefu wa mkono", chukua funguo zako uondoke.

Kuhusu joto bila kupoteza maji: likipanda kwenye foleni na kushuka ukiwa mwendoni, tafuta feni. Washa AC, feni lazima izunguke; isipozunguka kagua fyuzi, rilei na mota. Likipanda mlimani au kwenye mwendo mkubwa, shida ni mzunguko wa maji au hewa kutopita vizuri: rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, au matope yamejaa kati ya rejeta na kondensa ya AC.

Thamostati usikubali itolewe. Hiki ndicho kinachoniumiza zaidi kwenye gereji zetu. Kwenye injini hizi thamostati ikifunguka huwa pia inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto haipozwi. Barabara tambarare injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaongeza petroli. Mlimani inaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Ikiwa imekwama, weka mpya.

Dawa ya kuziba rejeta usiweke. Inaziba hata vijia vyembamba unavyovihitaji. Maji ya kisima pia yaache, hasa ya Dar yenye chumvi. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini. Baridi kali hatuna, lakini kulanti inalinda alumini na sili ya pampu. Ukijaza, jaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuka na hita imewekwa kwenye moto, mpaka hewa yote itoke.

Mpaka utakapopima, Kitonga usipande. Ikikukuta safarini mshale unapanda, zima AC, fungua hita yote, tafuta pa kusimama. Ukiona mvuke, zima injini na usiguse mfuniko mpaka hosi iwe laini mkononi. Maji ya baridi usimwagie injini ya moto, hedi inaweza kupasuka. Na usiutegemee mshale maji yakiwa yameisha: sensa ikibaki kwenye hewa, inaweza kusoma chini huku injini inaungua. Hita ikianza ghafla kupuliza baridi, simama hapohapo.

Kapime presha wiki hii, kisha rudi utuambie geji ilishuka au ilisimama, na ulikuta rangi wapi. Weka na picha ya upande wa mikanda, tochi ikiwa imewashwa.