Nilipofuta Zile Picha

Mweka hazina wa chama chetu cha akina mama kanisani, huku Umoja, Nairobi, alikula pesa. Shilingi 18,000. Ilikuwa Desemba, siku ya kugawana, na kila mtu alishapiga hesabu ya nauli ya kwenda nyumbani. Alikuja na daftari bila pesa. Mwenye nyumba alikuwa amemfungia mlango kwa kufuli, akachukua za chama akidhani atarudisha kabla hatujajua. Alilia. Mimi nilitoa simu nikapiga picha kila ukurasa wa lile daftari.

Picha hizo nilikaa nazo. Nikimwona Jumapili kwenye safu ya nyuma, nikirudi nyumbani nazifungua, nasoma tarehe moja moja, hasira inapanda upya kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Na sikuwa namsengenya, hapana! "Dada zangu, tumkumbuke mwenzetu kwa maombi," nasema kwenye ushirika wa Jumatano, kisha namwaga habari yote na senti zake. Siku moja mgeni kutoka Kayole aliniuliza yule mwizi tunayemwombea anaendeleaje. Hata hajawahi kumwona. Nilinyamaza, aibu ikanishika.

Usiku huo nilisoma tena Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akaenda kumkaba mwenzake kwa ajili ya dinari 100. Nilizoea kusikia mahubiri kwamba deni la pili ni kitu kidogo. Si kidogo. Dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema mtumwa yule hakudhulumiwa. Ila talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000; zidisha kwa 10,000 uone kama kuna kibarua angelipa. Mimi nilikuwa na haki ya kudai pesa zangu, na bado mkono wangu ulikuwa kooni mwa mtu.

Ukiniuliza uanzie wapi kusamehe, anza na ulimi. Moyo ukiusubiri upoe kwanza, utasubiri sana. Mimi nilijiwekea mwezi mmoja wa kutotaja jina lake kwa mtu yeyote, hata kwa maombi ya hadharani. Wiki ya kwanza nilikosa la kuzungumza, na hilo lenyewe lilinifundisha.

Halafu nilimfuata kibandani kwake, soko la Mutindwa. Alikuwa anakata sukuma wiki. Kisu kilisimama.

"Mama, leo sijaja kudai."

"Haya, kaa basi," akasema, akanisukumia kreti la soda. Hatukuzungumza mengi. Wateja walikuwa wanakuja.

Tafadhali usichanganye mambo: kusamehe si kumrudishia daftari. Siku hizi pesa zetu haziguswi bila watu watatu kukubaliana, na yeye analipa 500 kila mwezi kwa M-Pesa. Ujumbe ukiingia namjibu, "Asante, Mama." Zile picha nilizifuta jioni ile ile niliyotoka kibandani kwake, sukuma ikiwa jikoni.

Kuna mmoja wetu bado hamsalimii. Simharakishi. Mimi mwenyewe nilichukua miezi 14.