Dada hana dalili mpya: kwa nini apigwe picha ya ubongo kila mwaka?

SWALI: Bwana Daktari, pokea salamu zetu kutoka Kamalondo, Lubumbashi. Dada yangu mkubwa alithibitishwa huko Johannesburg kuwa na skilerozi ya mabaka, baada ya jicho lake moja kufifia kwa majuma kadhaa. Sasa anatumia dawa na anaendelea na biashara yake vizuri, lakini daktari anataka IRM (MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku) ya ubongo kila mwaka, nayo ni mzigo kwa familia. Je, si kutupa pesa? Tena Oktoba miguu ilimlegea, ilhali picha iliyofuata haikuonyesha baka jipya. Tuamini kipi?

JIBU: Ndugu msomaji, katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia mielini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva, na kuacha mabaka ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Mengi huangukia mahali ambapo mgonjwa hahisi lolote, na ndiyo maana picha zinazorudiwa huonyesha mabaka mapya mara nyingi zaidi kuliko mashambulizi anayoyatambua mwenyewe. Kwa hiyo kujisikia vizuri, ingawa ni jambo la kushukuru, si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Baka jipya linaweza kumfanya daktari abadilishe dawa kabla ulemavu haujaingia.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini unashauri picha moja kabla ya kuanza dawa, nyingine miezi 3 hadi 6 baadaye, ili mabaka yaliyotokea kabla dawa haijashika yasihesabiwe kuwa kosa lake, kisha moja kila mwaka. Hali ikitulia kwa miaka kadhaa, nafasi hiyo inaweza kurefushwa.

Lakini faida yote iko katika kulinganisha. Ikiwa picha ya kwanza ilipigwa kwa mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na ya pili kwa mashine dhaifu zaidi, kwa vipande vya unene na mwelekeo tofauti, baka la milimita 3 linaweza kupotea, au la zamani likadhaniwa jipya. Ombeni diski yenye picha zenyewe, si karatasi ya ripoti tu, na mumkabidhi mtaalamu wa picha kabla hajaandika lolote. Fedha zikiwa haba, kwa maoni yangu ni afadhali mkubaliane na daktari juu ya picha chache zaidi katika mashine ileile kuliko nyingi za huku na kule, zisizo na mwenzake wa kulinganishwa naye.

Kuhusu miguu, huenda picha na dada yako wote walisema kweli. Joto la Oktoba, kabla mvua hazijashika, hupunguza mwendo wa ujumbe katika neva zilizokwisha kuumia, na dalili za zamani hurudi bila baka jipya, kisha hupungua mwili ukipoa. Hata hivyo picha ya ubongo haionyeshi uti wa mgongo wote. Udhaifu unaozidi saa 24 pasipo homa wala joto kali upelekwe kwa daktari bila kungoja picha ya mwaka.

Tena, katika ufuatiliaji wa kawaida gadolini, dawa inayochomwa mshipani ili mabaka yenye uvimbe mpya yang'ae, mara nyingi haihitajiki, mradi picha nzuri ya zamani ipo. Mwulizeni daktari kabla ya kuilipia. Na dada akiwa na mimba aseme mapema, kwa kuwa mjamzito hapewi gadolini isipokuwa kwa sababu nzito.