Pai mbili, siku moja: majibu kwa wasomaji kuhusu 14 Machi

Wengine wanasema Siku ya Pai ni ya hesabu, wengine ni ya chakula. Ukweli ni upi? (Msomaji, Dodoma)

Zote mbili. Wamarekani huandika mwezi kabla ya tarehe, hivyo 14 Machi kwao ni 3/14, na 3.14 ndio mwanzo wa ile namba ya duara tuliyoisoma shuleni kwa jina la pai. Mwaka 1988 mwanafizikia Larry Shaw aliianzisha sherehe hiyo kwenye jumba la sayansi la Exploratorium, San Francisco, na tangu mwanzo watu walikula pai za matunda, kwa kuwa kwa Kiingereza namba na chakula hutamkwa sawa. Kwa Kiswahili majina hayo yamelingana hata kwa maandishi. Mwaka 2019 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Wamarekani wana pia siku ya pai ya chakula pekee, 23 Januari.

Shikamoo wapishi. Chapati zangu zinasifiwa mtaa mzima, lakini pai ikitoka kwenye oveni ganda ni gumu kama kigae na kingo zimesinyaa. Ninakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ni mkono wa chapati huo. Chapati hutaka maji ya uvuguvugu na kukandwa hadi donge livutike. Pai hutaka kinyume chake kwa kila hatua. Ukiukanda unga wa ngano wenye maji, glutini, yaani protini ya ngano, hujisuka kama wavu. Wavu huo ndio unaofanya chapati ikunjike bila kukatika, na ndio huohuo unaolivuta ganda la pai lirudi nyuma likipata joto.

Kwa chombo cha sentimita 20, pai yenye kifuniko, pima unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 125, chumvi nusu kijiko cha chai, na maji ya barafu vijiko 4 hadi 5 vya mezani. Majarini ngumu ya kuokea inafaa pia. Ile laini ya kupaka mkate ina maji mengi zaidi. Kwa joto la Tanga, weka unga na bakuli kwenye friza dakika 20 kwanza. Kata siagi vipande vya sentimita moja, ifikiche kwenye unga kwa ncha za vidole (kiganja kina joto), na acha ungali unaona vipande vya siagi vya ukubwa wa mbaazi. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya oveni huacha nafasi, mvuke ukazitanua, na ganda likawa la kumung'unyika. Siagi ikiyeyuka mapema mkononi mwako, nafasi hizo hazipatikani.

Nyunyiza maji kijiko kimojakimoja ukichanganya kwa kisu. Fumbata kiasi kidogo: kikishikana, inatosha, hata kama bakuli bado lina chengachenga. Usikande. Funika, weka kwenye friji saa nzima, kisha sukuma unene wa milimita 3. Ukilitandika donge ndani ya chombo, lishushe hadi kwenye pembe bila kulivuta, maana ulichokivuta kitarudi. Lipumzishe tena dakika 20 kwenye friji kabla ya kuoka.

Pai yangu ya nanasi huwa mbichi chini, na nikiikata inamwaga maji. (Msomaji, Bagamoyo)

Nanasi lina maji mengi, yatoe kabla. Vipande gramu 700 vichanganye na sukari gramu 100, vikae nusu saa, kisha chuja. Koroga wanga wa mahindi vijiko 3 vya mezani kwenye maji hayo yakiwa bado baridi, pika hadi yawe mazito na yang'ae, rudishia nanasi, na uache yapoe kabisa. Ujazo wa moto huyeyusha siagi ya ganda kabla halijaiva, na hapo ndipo ubichi wa chini unapoanzia.

Tanguliza trei tupu kwenye oveni ya nyuzi 200 ipate moto, uweke pai juu yake. Dakika 20, kisha punguza hadi 180 kwa dakika 25 hadi 30. Toboa kifuniko mapema. Usiitoe pai kabla hujaona ujazo ukitokota katika matundu. Halafu iache saa tatu bila kuikata, kwa kuwa wanga hushika ukipoa.

Anayeoka kwa mkaa asiige keki, ambayo hutaka moto mwingi juu. Kwa pai, sufuria ipate moto kwanza, na robo saa ya mwanzo moto wa chini usiwe hafifu.

Chombo changu ni cha sentimita 25. Niongeze robo ya vipimo? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, utapungukiwa. Eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo: chombo cha 20 kina sentimita za mraba 314, na cha 25 kina 491. Zidisha vipimo kwa 1.56. Unga utakuwa gramu 390, siagi 195, na nanasi kilo moja na gramu 90 hivi. Joto libaki lilelile. Kina kikiwa kilekile, ongeza dakika 5 hadi 10 tu.