Msimbo ni wa nani mteja akizima simu?

Barua nyingi za wiki hii zimetoka kwa mafundi wa tovuti, kuhusu malipo na kuhusu nani anamiliki msimbo, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha tovuti. Walioandika tu "mteja hapokei simu, nifanyeje?" watafute jibu humu humu, maana swali hilo naletewa kila mara na kila mara hakuna karatasi.

Nimemtengenezea mteja tovuti ya hoteli kwa shilingi milioni 3. Amelipa nusu, sasa ananikwepa. Hatukuandika mkataba. Kwa kuwa hajamaliza kulipa, si msimbo bado ni wangu? (Ntinda, Kampala)

Sivyo. Mnasoma ushauri wa Wamarekani, kwamba fundi wa kujitegemea hubaki na haki mpaka aihamishe kwa maandishi, mkadhani na Uganda ni hivyo hivyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inalinda programu za kompyuta, lakini inasema pia kwamba kazi iliyoagizwa ni mali ya aliyeiagiza, isipokuwa pawe na mkataba unaosema vinginevyo. Ukikaa kimya, umempa. Ulichobaki nacho wewe ni deni la milioni moja na nusu, na hilo lidai kama deni.

Kazi ijayo andika hivi: "Hakimiliki ya msimbo wote ni ya mtengenezaji hadi malipo ya mwisho yapokelewe, baada ya hapo inahamia kwa mteja." Kisha ongeza kwamba vile vipande unavyovitumia kila kazi, kama moduli yako ya kupokea malipo ya simu, vinabaki vyako na mteja amepewa ruhusa ya kuvitumia tu. Usipoandika hilo, utamaliza kazi ya duka la kwanza, uende la pili na moduli ambayo kisheria si yako tena. Sijaona fundi hata mmoja aliyenilalamikia kutolipwa akakumbuka jambo hili la pili.

Makubaliano yetu yote yako WhatsApp. Ni mkataba? (Mbale)

Yanaweza kuwa. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na ujumbe wa kielektroniki unaoweza kurejewa baadaye unahesabika. Shida ni yaliyomo. Picha za mazungumzo mnazonitumia ni zile zile: bei ilitajwa kwa simu, tarehe ilitajwa mkinywa soda, na kilichoandikwa ni "sawa boss" na kidole gumba. Tuma ujumbe mmoja wenye kazi, bei, tarehe za malipo na nani anamiliki nini, naye ajibu "nakubali". Na kama mmewasha ule mpangilio wa ujumbe kujifuta, uzime leo.

Nina nywila za seva yake. Nikiifunga tovuti mpaka alipe, nina kosa? (Jinja)

Seva ni ya nani? Kama ni yake, toa mikono. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa na kuubadilisha, na kuwa na nywila si kuwa na ruhusa. Ulikuwa mdai, utaamka mshtakiwa, naye mwenye deni ndiye atakayekwenda polisi akitembea kifua mbele. Wale mnaopachika ndani ya msimbo kitu cha kuizima tovuti kimya kimya, nanyi mmo humo.

Kama seva unailipia wewe, kusimamisha huduma ni jambo jingine, mradi mlikubaliana na umempa notisi ya maandishi. Hata hivyo majina na namba za wageni waliokodi vyumba si dhamana yako. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019.

Ila kwa nini ufike huko? Chukua sehemu ya malipo kabla hujaandika mstari wa kwanza. Mwonyeshe kazi kwenye seva yako, abofye, apande, ashuke, alete mashemeji waione. Hazina ya GitHub, pale mtandaoni unapohifadhi msimbo, usimfungulie. Akimaliza kulipa, hamisha.

Domeini (anwani ya tovuti yake) niliisajili kwa jina langu ili nimbane. Ni vibaya? (Lira)

Ni vibaya. Isajili kwa jina lake.

Mteja amekata asilimia 6 ya malipo yangu, eti ni kodi. Ananiibia? (Arua)

Kama ni taasisi ya serikali, au URA, mamlaka ya mapato, imemteua kuzuia kodi, hapana. Mdai cheti cha makato hayo, maana bila cheti utailipa mara mbili. Akianza kujing'atang'ata, hapo una sababu ya kushuku.

Nimejenga kwa WordPress, ile programu ya bure ya kujengea tovuti, na templeti (muundo uliokwisha tengenezwa) ya kununua. Niisajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali, iwe yangu? (Masaka)

Usajili nini? WordPress iko chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha, templeti ni ya aliyekuuzia. Chako ni ulichokiandika mwenyewe, nacho hakingoji usajili kulindwa. Cheti kinasaidia ushahidi. Historia ya Git (kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo) yenye tarehe nayo husaidia, kama huna tabia ya kupakia kazi yote siku ya mwisho.

Anayenidai... samahani, ninayemdai ni shemeji yangu, shilingi 900,000. Nimpeleke mahakamani? (Mbarara)

Unaweza. Kuna utaratibu wa madai madogo, yasiyozidi milioni 10, na huhitaji wakili, ila uliza kwanza mahakamani kama deni la kazi kama yako linapokelewa humo. Unaanza kwa barua ya madai. Dada yako mwambie kabla barua haijafika nyumbani kwake.