Mkataba wa binti yangu, niweke sahihi?

*Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vitenge hapa Tabora mjini. Binti yangu wa tatu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na tangu arudi UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya sekondari, hashikiki kwa mpira. Mwezi uliopita alikuja kaka mmoja akasema ni wakala, ana timu Uarabuni inayomtaka, mshahara dola 800 kwa mwezi. Anataka milioni moja na nusu ya pasipoti, viza na majaribio, na ameacha karatasi niweke sahihi. Baba yake hataki kusikia, anasema mpira wa wanawake si kazi. Mtoto halali, analia. Nifanyeje?*
*Mama wa Winga, Tabora*

Dada yangu, usisaini. Na hiyo milioni moja na nusu usiitoe. Nimeanzia hapo kwa sababu jarida hili linaweza kukukuta umeshika kalamu.

Binti yako ana miaka 16. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira. Zipo ruhusa chache, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia nchi ile kwa shughuli zisizohusu soka, lakini kwa ulivyonieleza hakuna hata moja inayomgusa mtoto wako. Klabu ya kweli inalijua hilo. Uhamisho wa kimataifa unapita TFF, shirikisho letu la mpira, na chama cha mpira cha nchi anakokwenda, na cheti chake kinatolewa kupitia mfumo wa FIFA. Bila cheti hicho hachezi mechi yoyote ya mashindano. Sasa huko atakuwa anafanya nini miaka miwili, na pasipoti yake iko mkononi mwa nani? Muulize huyo kaka, ukimtazama usoni.

Halafu mwulize leseni. Tangu 2023 wakala anatakiwa afaulu mtihani wa FIFA, na jina lake linakuwa kwenye orodha iliyo wazi kwenye tovuti yao. Mtu yeyote wa nyumbani mwenye simu janja atakutafutia kwa dakika tano. Kwa mtoto masharti ni makali zaidi: wakala haruhusiwi hata kumfuata mpaka iwe imebaki miezi sita afikie umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza, tena awe na idhini ya mzazi kwa maandishi. Malipo ya wakala yanatoka kwenye mkataba ukishakamilika. Hayatoki kwenye mtaji wako wa vitenge.

Naongea kwa uchungu kwa sababu niliwahi kusaini karatasi ambayo sikuisoma. Nilikuwa na miaka 19, beki wa kushoto, nimetokea soka la mchangani Mbagala. Kiongozi mmoja alitukuta tunavua njumu baada ya mazoezi, akaweka karatasi juu ya boneti ya gari lake. Ukurasa mmoja. Pale penye mshahara palikuwa na vidoti tu. "Hapo tutajaza ofisini," akasema. Kalamu ilikuwa imekauka, nikaikwaruza kiganjani mpaka wino ukatoka, nikasaini. Nakala sikupewa na wala sikuiomba, niliona nitaonekana najua sana. Nilicheza miezi saba nikalipwa miwili. Nilipokwenda kudai niliulizwa swali moja tu: "Mkataba wako uko wapi?" Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, njumu zikining'inia shingoni, na nauli nilikuwa nayo. Nilikuwa sitaki watu kwenye daladala wanione nalia.

Kwa hiyo ikifika siku ya binti yako, na naamini itafika, mkataba muusome wote, kwa lugha mnayoielewa. Uwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, mshahara kwa tarakimu na kwa maneno, nani analipa matibabu akiumia, nani analipa nauli ya kurudi. Akisaini akiwa bado hajafikisha miaka 18, mkataba usizidi miaka mitatu. Nakala yenye sahihi zote ikae kwako, kwenye sanduku lile unaloweka vyeti vya watoto.

Sasa kuhusu shemeji. Namheshimu, na hofu yake naielewa, maana sisi tulicheza wakati ambao angekuwa amesema kweli. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walifuzu fainali za Afrika za 2010 kule Afrika Kusini wakati nchi haina ligi kuu ya wanawake. Ligi ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na mimi tayari magoti yalikuwa yamechoka. Lakini mwambie atazame kilichotokea baada ya hapo. Mwaka 2022 Serengeti Girls, watoto wa rika la binti yake, walikwenda Kombe la Dunia la U-17 India. Wakafungwa na Japani mabao manne, wakainuka wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali. Mechi ya Ufaransa niliiangalia nimesimama mwanzo mwisho, siwezi kusema kwa nini, kiti kilikuwepo. Mwaka huohuo Simba Queens wakafika nne bora ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Na huko Uarabuni kwenyewe yupo binti yetu, Clara Luvanga. Aliondoka Yanga Princess mwaka 2023 akaenda Hispania, Dux Logroño, na mwaka huohuo akatua Al Nassr ya Saudi Arabia. Njia yake ndiyo ninayotaka uitazame: ligi ya nyumbani kwanza, kwenye timu inayojulikana, akiwa ameshatimiza umri. Tazama na majirani. Temwa Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 ligi ya Marekani msimu wa 2024 akiwa na Kansas City Current, rekodi ya msimu mmoja, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mzambia Racheal Kundananji alinunuliwa na Bay FC Februari 2024 kwa zaidi ya dola laki saba, na wakati ule hakuna mwanamke duniani aliyewahi kuuzwa ghali kuliko yeye. Hao ni wachache, sitaki kukudanganya. Wengi niliocheza nao leo wanauza genge, wanafundisha shule au wako jeshini. Ndiyo maana nasema kidato cha nne amalize. Miaka miwili iliyobaki inatosha kabisa kwa shule na mpira pamoja.

Katika miaka hiyo miwili lifanye jambo moja linaloonekana dogo. Chukua cheti chake cha kuzaliwa ukilinganishe na jina lililoandikwa shuleni, herufi kwa herufi. Nimeona wasichana wawili wamekwama pasipoti kwa sababu shuleni ni Mwajuma na kwenye cheti ni Mwanajuma. Lishughulikieni sasa, RITA wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, wakati bado hakuna haraka. Na klabu ya mtaani inayomfundisha imsajili rasmi, iandike miaka aliyokaa pale. Siku mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya fedha za uhamisho inagawiwa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Yule kocha wake anayenunua mipira kwa mshahara wake anastahili kufahamu hilo.

*Kocha, shikamoo. Nina miaka 24, nacheza kiungo ligi ya wanawake, mkataba wangu unaisha mwakani. Nina mimba ya miezi mitatu. Katibu wa timu ameniambia nirudishe jezi na funguo ya chumba cha kambini, na ameniandikia karatasi kwamba tumekubaliana kuachana. Nina haki yoyote?*
*Namba Sita*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Unazo haki.

Hiyo karatasi ya kukubaliana usiisaini, kwa sababu ukiisaini haki zote ninazokutajia zinakuwa umezitoa mwenyewe. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinamlinda mchezaji wa kulipwa aliyeshika mimba. Likizo ya uzazi ni wiki 14 kwa uchache, na angalau 8 kati ya hizo ni baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Klabu inayovunja mkataba kwa sababu ya mimba inalipa fidia na inaweza kufungiwa kusajili. Ukirudi, lazima wakupokee na wakupe nafasi ya kunyonyesha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 nayo inampa mwajiriwa wa nchi hii siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Pale kanuni ya FIFA na sheria ya nchi zinapopishana, mwombe mwanasheria akuangalizie kilicho bora kwako.

Sara Björk Gunnarsdóttir, nahodha wa zamani wa Aisilandi, aliponyimwa mshahara wake kamili akiwa mjamzito pale Lyon, aliipeleka klabu FIFA. Lyon wakaamriwa wamlipe zaidi ya euro 82,000. Ilikuwa moja ya klabu kubwa kabisa za wanawake Ulaya, na alishinda kwa kuwa alikuwa na mkataba na alikuwa amewaandikia.

Wewe pia andika. Barua moja, tarehe juu, cheti cha daktari nyuma yake, ipeleke ofisini na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe na nakala kwa TFF. Funguo baki nayo mpaka ujibiwe kwa maandishi.

Mtoto wangu wa kwanza nilijifungua kabla ya kanuni hizi. Nilirudi mazoezini ana miezi minne. Maziwa yalikuwa yakijaa katikati ya mazoezi mpaka jezi inalowa, basi nilikuwa namnyonyesha nyuma ya benchi nimejifunika kanga, na wenzangu wanasimama kunipa mgongo, bega kwa bega, kama wanavyojipanga kuzuia faulo. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nakuombea timu yenye watu kama wale.

*Kocha, nilitua vibaya baada ya kupiga kichwa, nikasikia "pa" ndani ya goti. Likavimba usiku uleule. Sasa ni wiki ya tatu, kuna mzee ananikanda kwa mafuta, naweza kutembea ila nikigeuka ghafla goti linaniacha. Nirudi uwanjani lini?*
*Straika, miaka 20, Morogoro*

Mdogo wangu, mlio ule, kuvimba usiku uleule, na goti kukuacha unapogeuka: hizo ni dalili za kukatika ligamenti ya mbele ndani ya goti, ile wanayoiita ACL. Mimi si daktari, kwa hiyo nenda kwa daktari wa mifupa akakupime, na akisema ufanyiwe kipimo cha MRI, kile kinachopiga picha ndani ya goti, usiahirishe. Ukicheza hivyo unaweza kuharibu na vilivyobaki humo ndani.

Wanawake tunaumia hapo mara nyingi kuliko wanaume. Beth Mead na Leah Williamson wa England walikosa Kombe la Dunia la 2023 kwa sababu hiyohiyo. Mei 2025, Arsenal walipowafunga Barcelona 1-0 fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Ulaya kule Lisbon, Mead ndiye aliyetoa pasi ya bao na Williamson alikuwa beki wa kati. Ikiwa ni upasuaji, hesabu miezi tisa hadi mwaka, na usimruhusu kiongozi yeyote aipunguze kwa sababu ya mechi.

Ukishapona, kabla ya kila mazoezi fanya yale mazoezi ya dakika 20 ya kupasha mwili na kuzuia majeraha yanayoitwa FIFA 11+. Ruka na utue magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, yakifuata vidole vya miguu, yasiegemeane kwa ndani. Mwambie mwenzako akusimamie mbele akutazame, maana mwenyewe huwezi kuyaona. Na huyo mzee mshukuru, lakini asikukande tena mpaka majibu ya hospitali yatoke.