Siku za mgeni wako zinakwisha? Soma muhuri kwanza

Napangisha vyumba Jambiani, hapa Zanzibar, na swali linalonifikia sana kila msimu ni hili: "Siku zangu za kukaa nchini zinakwisha, nifanyeje?" Siku hizi hata majirani huniletea pasipoti za mashemeji zao.

Mimi huanza na muhuri. Viza ya Tanzania aliyoilipia mgeni mtandaoni, dola 50 kwa wengi na dola 100 kwa Wamarekani, humfikisha mlangoni tu. Siku za kukaa zimo kwenye muhuri aliogongewa alipoingia, na afisa anaweza kumpa chini ya 90. Wanaonichosha zaidi ni Wamarekani: viza yao ni ya miezi 12, basi hudhani wana mwaka mzima. Hapana. Kila wakiingia, mwisho ni siku 90.

Na zihesabiwe siku, si miezi. Mama mmoja wa Kiitaliano aliingia 1 Julai, akakata tiketi ya 30 Septemba akisema ni miezi mitatu, bado anayo nafasi. Tukaishusha kalenda ukutani, tukakaa nayo barazani na kuhesabu kwa kidole. Siku ya 90 ikaangukia 28 Septemba. Alibadilisha tiketi jioni ile ile.

Ikiwa muhuri una siku pungufu ya 90, aende afisi ya Uhamiaji kuomba nyongeza kabla hazijakwisha, na wewe mwenyeji mfuatane. Ile bima ya dola 44 wanayolipa wageni wakiingia Zanzibar nayo ni ya siku 92, muiangalie pia.

Papasi wa pwani watamwambia apande boti aende Dar na kurudi, siku zianze upya. Uongo mtupu! Uhamiaji ni jambo la Muungano. Ukivuka kwenda Bara hujatoka nchini, hata kama pasipoti inakaguliwa bandarini Malindi, hapa Unguja.

Kutoka kweli ni kama kwenda Mombasa au Nairobi. Huko, wageni wengi wa Ulaya na Marekani huomba kibali cha mtandaoni cha dola 30 kabla ya kusafiri, na wakirudi hununua viza yetu upya, isipokuwa Mmarekani ambaye viza yake ya miezi 12 haijakwisha. Ile viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda haituhusu sisi. Kutoka na kurudi mara moja sina neno, lakini anayefanya hivyo ndiyo maisha yake, aingie atoke, ajue iko siku afisa atamuuliza hasa anafanya nini hapa, na hakuna anayelazimika kumgongea tena.

Anayetaka kuishi atafute kibali cha ukaazi: daraja A la wawekezaji, B la waajiriwa, C la wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wengineo. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha kazi hutolewa na Zanzibar yenyewe. Hata kufundisha skuli bure ni kazi, msidanganyane. Na cheti cha ndoa cha kadhi si kibali; mume au mke wa kigeni bado anaomba.

Ndugu zetu wa Mombasa na Kampala hawalipi viza. Hata hivyo na wao hugongewa muhuri, hadi miezi sita. Shemeji aliyeshuka Pemba kwa jahazi bila kupita Uhamiaji hana hata siku moja ya kuhesabu, mpelekeni mapema.

Zikiwa zimekwisha kupita, asisubiri kushikwa uwanja wa ndege siku ya safari. Aende mwenyewe, aeleze, alipe faini atakayoambiwa kwa risiti ya serikali. Akikamatwa amejificha anaweza kupigwa PI, yaani kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, asirudi tena. Jirani yangu mmoja alimpa kishoka pesa na pasipoti ya mgeni wake. Pasipoti ilirudi baada ya wiki ikiwa vile vile, pesa hazikurudi.