Goti ambalo halikuandikwa popote

Wadogo zangu mlioripoti kituoni juzi, heri hadithi ya goti langu muisikie kwangu mwenyewe. Usiku huo tulikuwa juu ya paa la karakana ya mbao, bati likakatika, mguu wangu ukazama hadi nyongani. Nikacheka, wenzangu wakacheka, tukashika mpira wa maji tukaendelea. Asubuhi goti limevimba kama dafu. Nikalifunga bandeji, na katika kitabu cha matukio sikuandika hata mstari. Zimamoto mzima uandike kwamba umeteleza?

Miaka mitatu baadaye daktari akasema ngazi basi. Ofisini nikaulizwa swali moja: uliumia lini, na nani aliona?

Sheria ya Kenya ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007, hii tunayoiita WIBA, inatushika na sisi wa kaunti; waliotolewa ni wanajeshi. Mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nawe una miezi 12 ya kudai. Mimi nilikuwa nimeshapitwa na yote. Na msidharau kuumia siku ya mazoezi, hayo pia ni kazini.

Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu ya mapato ya miezi 96, kisha asilimia aliyoandika daktari. Anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi akipimwa asilimia 20 anapata 768,000. Ukiona umepunjwa, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi huyo huyo. Atakayekwambia uanzie mahakamani hajasikia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019.

Pensheni ni jambo jingine kabisa, ingawa hata makarani huzichanganya. Fidia ni ya jeraha. Pensheni ni pesa ulizokatwa wewe na alizochangia mwajiri. Kwa hiyo ukiletewa barua ya kustaafu kwa sababu za afya, usiitie sahihi pale pale eti kwa kuwa mkubwa amesimama anangoja. Uliza kwanza kama kuna kazi ya kukaa. Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana mtumishi wa umma mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65, si 60. Miaka mitano ya michango si haba.

Ndivyo nilivyoishia chumba cha simu. Kitabu cha matukio kiko mezani kwangu, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwa sababu mnaziiba.